Nani anamkabidhi kijana utu uzima?

Katiba ya Tanzania inamruhusu mtu kupiga kura akiwa na miaka 18, kugombea ubunge akiwa na miaka 21, na urais akiwa na miaka 40. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kuwa kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia 18 na kukoma kabla ya 35, ilhali Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, unaishia 24. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu binti aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alisubiri hadi 18. Rebeca Gyumi alipokwenda mahakamani kuipinga, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo mwaka 2019. Mtu wa miaka 22, basi, ni mpiga kura, anafaa kuwa mbunge, ni kijana wa kuendelezwa, na kikao cha ukoo kikianza nyumbani kwao huenda akatumwa nje akawachinjie wageni kuku.

Sheria hizi hazipingani kwa uzembe wa waliozitunga. Kila moja inakisia ukomavu wa namna yake: hii mwili, ile akili, nyingine nafasi ya mtu mbele za watu. Na ukomavu huo wa namna tatu haufiki kwa pamoja. Mwili ukipata chakula na afya hukomaa wenyewe. Akili hukomaa kwa kutumikishwa. Ila nafasi mbele za watu hupewa mtu na wenzake na wakubwa wake, hawezi kujipa. Ninaamini hapo ndipo penye shida kubwa ya vijana wetu wa miaka 18 hadi 35, na kwamba tunaposema vijana wa siku hizi wamechelewa kukua tunamwangalia asiyehusika.

Tuanze na mwili, maana mjadala wake ni mfupi. Wasichana wengi wakifika miaka 18, na wavulana karibu 20, wamemaliza kurefuka, lakini mifupa haijamaliza kazi. Inaendelea kujazia madini mpaka karibu na miaka 30, na hiyo ndiyo akiba atakayoitegemea mtu uzeeni, hasa mwanamke baada ya hedhi kukoma. Mtulinga ndio unaochelewa kuliko mifupa yote: ncha yake ya upande wa kifua mara nyingi hukamilika katikati ya miaka ya ishirini, ndiyo sababu madaktari wanaotakiwa kukadiria umri wa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa huutazama huo. Nguvu za misuli, uwezo wa mapafu na kasi ya mwili navyo hufika kileleni katika miaka ya ishirini na kitu. Filbert Bayi alikuwa na miaka 20 alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hata hivyo kilele si kimoja. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 akiwa na miaka 18 mwaka 2003, kisha akavunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2022, miaka 37 ikiwa mgongoni. Kasi huondoka mapema. Ustahimilivu, ukitunzwa, hudumu.

Kuna kiungo kimoja ambacho ningependa kila mzazi akifahamu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walichapisha vipimo vya nyonga za watu wa rika mbalimbali, wakaonyesha kwamba nyonga ya mwanamke hufikia umbo linalofaa zaidi kwa uzazi kati ya miaka 25 na 30, muda mrefu baada ya kuvunja ungo. Binti anayejifungua akiwa na miaka 15 anaingia leba na nyonga ambayo bado inajengwa. Mtoto anaweza kukwama, saa zikapita, na mama akinusurika akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kuzuilika, mume akimkimbia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikuta nusu ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 49 walikuwa wameolewa kabla ya kufika au mara tu walipofika 19, huku wanaume wakioa karibu miaka 5 baadaye. Tofauti hiyo ya miaka mitano mwili wa mwanamke ndio unaoilipia.

Hatari nyingine ya umri huu ni kwamba mwili wenye nguvu haulalamiki. Kijana wa miaka 24 haendi kupima shinikizo la damu kwa sababu haumwi. Sigara, pombe, chumvi na kutolala huzoeleka sasa, na deni lake hudaiwa baada ya miaka 40. Kinachomuua kwa wingi si maradhi hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Ajali hizo zinatupeleka kwenye ubongo. Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake, kutoka Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapiga watoto na vijana picha za ubongo kwa mashine ya MRI, wengine zaidi ya mara moja kadiri walivyokua. Kazi hiyo na zilizoifuata zilionyesha kwamba sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayosimamia kupanga, kujizuia na kupima matokeo, ndiyo inayokamilika mwisho. Tangu hapo imeenea kauli kwamba ubongo hukomaa mtu akitimiza miaka 25. Kauli hiyo imetiwa chumvi. Hakuna kinachofunguka wala kufungwa siku ya kuzaliwa ya 25. Njia zinazounganisha sehemu za ubongo huendelea kuimarika hadi miaka ya thelathini na kuendelea, na watu hutofautiana sana. Mwajiri anayemnyima kazi kijana wa miaka 23 kwa hoja hiyo hana sayansi nyuma yake.

Utafiti unaosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Margo Gardner na Laurence Steinberg wa mwaka 2005. Waliwapa watu wa rika tatu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Baadhi yao walicheza peke yao, wengine mbele ya wenzao. Wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana wakitazamwa. Wa miaka 18 hadi 22 nao walijihatarisha zaidi, ila kwa kiasi kidogo. Wa miaka 24 na zaidi hawakubadilika. Yeyote aliyewahi kukaa kijiwe cha bodaboda jioni anaijua picha hiyo. Dereva wa miaka 20 akiwa peke yake na mama mjamzito nyuma anaendesha taratibu, anakwepa kila shimo. Dereva huyo huyo akitoka na wenzake watatu, hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kufika kwenye taa. Anajua sheria zote za barabarani. Kilichobadilika ni nani anamtazama. Mafunzo ya udereva yanayomkumbusha tu kuwa mwendo kasi unaua yanamfundisha asichohitaji. Kijiwe chenye mwenyekiti mtu mzima anayeheshimika, mwenye uwezo wa kumsimamisha mtu wiki nzima, kinamfaa zaidi.

Kufikiri kwenyewe kuna safari yake. William Perry aliwahoji wanafunzi wa chuo cha Harvard mwaka hadi mwaka, na katika kitabu chake cha 1970 alieleza alichokiona. Wengi waliingia wakiamini kila swali lina jibu moja sahihi na mwalimu analo. Kisha wakagundua wataalamu hawakubaliani, wakaona basi kila mtu na maoni yake. Baadhi walivuka hapo, wakafika mahali pa kuchagua msimamo na kuusimamia huku wakijua kuwa hoja za upande wa pili nazo zina uzito. Waliohojiwa walikuwa watoto wa tabaka dogo la Wamarekani, wengi wao wavulana, kwa hiyo ngazi zenyewe si za kubebwa zima zima. Lakini mwendo wake unatambulika kwa yeyote anayeishi na vijana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepokea bumu mara ya kwanza maishani, fedha nyingi kuliko alizowahi kushika, anakutana na maswali yasiyo na jibu kitabuni: amtumie mama ya ada ya mdogo wake, alipe geto, anunue laptopu, au amkopeshe rafiki aliyefiwa? Hakuna mtihani wa kidato cha sita ulioandaa akili kwa hilo. Wapo wanaomaliza fedha yote ndani ya wiki mbili na wapo wanaoanza kucheza upatu na wenzao wa bweni. Kundi la pili halijazaliwa na akili zaidi. Mara nyingi ni watu waliowahi kuachiwa kibanda, genge au wadogo zao kabla ya kufika chuo.

Nguvu za akili nazo, sawa na za mwili, zina vilele vingi. K. Warner Schaie alianza mwaka 1956 kuwafuatilia watu wa Seattle, na utafiti huo uliendelea kwa miongo kadhaa. Wepesi wa kung'amua ulianza kushuka mapema, lakini uwezo mwingi, ukiwemo wa kufikiri kwa mantiki na wa lugha, ulifika kileleni katika umri wa makamo. Miaka ya ishirini, kwa hiyo, ni wakati wa kasi na wa kuanza kuweka akiba ya maarifa. Taasisi inayomtaka kijana awe na uzoefu wa miaka mitano ndipo imwajiri inamzuia kuweka akiba hiyo katika miaka ambayo angeiweka kwa haraka zaidi.

Hapa kuna jambo linaloniuma. Ronald Kessler na wenzake walikadiria mwaka 2005, kwa takwimu za Marekani, kwamba robo tatu ya watu watakaougua maradhi ya akili maishani huanza kuugua kufikia umri wa miaka 24. Maradhi mazito yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo mara nyingi hujitokeza kati ya mwisho wa ujana na katikati ya miaka ya ishirini. Umri huo kwetu ndio wa chuo na wa kuhamia mjini. Kijana wa mwaka wa pili anaacha kulala, anaacha kuoga, anaongea peke yake, na mtaa unasema kasoma sana mpaka kachanganyikiwa, au karogwa na ndugu wenye wivu. Anazungushwa kwa waganga mwaka mzima kabla ya kufikishwa hospitali, na mwaka huo una thamani kubwa, maana tiba ikianza mapema matumaini ni makubwa zaidi. Wazazi wanaokabidhiwa fomu za kujiunga na chuo wangepaswa kupewa na karatasi moja ya dalili hizi, kwa Kiswahili chepesi.

Sasa tuje kwenye utu uzima wa mbele za watu. Erik Erikson, mwaka 1950, alisema kazi kuu ya umri huu ni kuweza kushikamana na mtu mwingine bila kujipoteza, na kwamba anayeshindwa hubaki mpweke. Mwaka 2000 Jeffrey Arnett aliongeza kuwa kati ya miaka 18 na 25 pamezuka kipindi kipya, ambacho si utoto wala si utu uzima kamili, cha kujaribu kazi, makazi na mapenzi. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli kwa nchi yake: mwaka 1970 nusu ya wanawake wa Marekani walikuwa wameolewa kufikia miaka 21, na baada ya robo karne umri huo ulikuwa umepanda hadi 25.

Neno hilo la "kipya" silikubali. Wamaasai wana kipindi cha namna hiyo tangu zamani, tena wamekipangilia kuliko Marekani ilivyowahi kufanya. Mvulana akishatahiriwa huwa morani, na hubaki hivyo kwa miaka na rika lake. Anajifunza ulinzi, mifugo, kusema hadharani. Hali peke yake. Morani hapaswi kula nyama wala kunywa maziwa bila mwenzake, na mwiko huo mdogo unamfundisha kila siku kushikamana kule alikokuandika Erikson. Kisha inakuja Eunoto, ambapo hunyolewa nywele ndefu alizozifuga, na mbele zaidi Olng'esherr, inayofunga umorani na kumwingiza kwenye uzee wenye madaraka. Sherehe hizi, pamoja na Enkipaata inayotangulia, UNESCO iliziandikisha mwaka 2018 kuwa urithi wa Kenya unaohitaji kulindwa haraka. Nisiipambe picha. Msichana hakuwa na kipindi chochote cha kujaribu. Alitolewa utotoni kwa ukeketaji na kuingizwa katika boma la mume. Lakini kwa wavulana kipindi kilikuwa na jina, wenzako wa kupita nao, kazi, na juu ya yote, mwisho unaotangazwa na watu wengine.

Mwisho huo ndio uliopotea. Alcinda Honwana, mwanaanthropolojia wa Msumbiji, alizungumza na vijana wa Msumbiji, Afrika Kusini, Senegal na Tunisia, na katika kitabu chake cha 2012 akaeleza kizazi kilichokwama kwenye kusubiri: kimemaliza shule, hakina kazi ya uhakika, hakiwezi kutoa mahari, kupanga nyumba wala kuwalea wazazi, na kwa hiyo hakihesabiwi. Vijana wa Dar es Salaam husema bado wanajitafuta, na wapo wanaolisema hilo wakiwa na miaka 34. Tofauti na kijana wa Arnett, hawajaribu maisha mbalimbali kwa kupenda.

Dola nayo iliwahi kutaka kutengeneza ngazi. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa Julai 1963, na mwaka 1966 wasomi walipotakiwa kutumikia kwa lazima, na sehemu kubwa ya mshahara wao wa baadaye ikatwe, wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha mamia yao nyumbani, kisha akaipunguza mishahara ya vigogo, ukiwemo wake, kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Vijana wale walikuwa na ubinafsi ndani ya madai yao, na pia walikuwa wameona kitu cha kweli kuhusu anasa za wakubwa. Mzee aliyewafukuza alikisikia. Utaratibu huo wa lazima ulisitishwa 1994 na kurudishwa 2013, lakini miezi ya kambini haiishii kwenye nafasi yoyote mtaani. Kijana anarudi amekakamaa, anakaa nyumbani kama alivyoondoka.

Wasichana wa pwani na wa mijini wamebakiziwa kitu. Unyago umepungua, ila kungwi hajaondoka. Amehamia kwenye kicheni pati, ambako wanawake waliokwisha kuolewa huketi na bibi harusi wakamwambia wazi yanayomsubiri. Mengine ninayoyasikia humo, hasa yale ya kuvumilia kila kitu, ningependa yaachwe. Hata hivyo kuna mkubwa anayesema na mdogo, na kuna siku. Kijana wa kiume jando lake limebaki kisu cha hospitali akiwa mtoto mchanga au wa darasa la pili, mafundisho hakuna. Anayemfundisha kuwa mwanaume ni simu yake.

Zipo ngazi ndogo ambazo hatuzitambui kuwa ngazi. Kamati ya harusi ni mojawapo. Mtu wa miaka 25 akifanywa mweka hazina wa kikao, akashika daftari la ahadi za michango, akawapigia simu wajomba kuwakumbusha kwa adabu, na siku ya mwisho akasoma hesabu mbele ya watu wazima hamsini, ametoka hapo akiwa mtu mwingine. Mkataba wa bodaboda ni nyingine: kijana anapeleka hesabu kila siku kwa mwenye chombo, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yake, kwa karatasi yenye sahihi. Mkataba mbaya humnyonya. Ule wa haki humpa mali yake ya kwanza na neno lake kuaminika.

Historia yetu inaonyesha nini hutokea watu wakithubutu kukabidhi mambo makubwa. Tom Mboya alikuwa na miaka 23 alipokuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya, na 26 alipochaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Salim Ahmed Salim alikuwa na miaka 22 mwaka 1964 alipopelekwa Misri kuwa balozi, na robo karne baadaye aliongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Ni kweli kwamba nchi changa hazikuwa na watu wengine wa kuwatuma. Lakini ubongo wa miaka 22 ulikuwa ule ule tulio nao leo.

Yupo mmoja ambaye nadharia zote hizi zinampita. Ni dada wa kazi, aliyeletwa mjini kutoka Iringa au Singida akiwa na miaka 14. Akifika 22 amelea watoto watatu wa watu, anajua dozi ya kila mmoja homa ikipanda, anashika funguo za nyumba na fedha ya soko, anatuma kwao kila mwezi. Kwa vipimo vya Erikson, Perry na hata vya wazee wa boma, anabeba mzigo wa mtu mzima. Nyumba nzima bado inamwita msichana wa kazi, hali mezani na wenyeji, na likizungumzwa jambo la familia hutumwa jikoni. Wa Harvard walihojiwa, wa Seattle walipimwa kwa miongo. Siku Waafrika Mashariki tutakapofanya utafiti wetu wenyewe wa muda mrefu juu ya umri huu, ningetaka yeye aulizwe wa kwanza, na aulizwe chumbani bila mwajiri wake kuwepo.